AMRI ZA MASHINE: NANI HUZIANDIKA, NA KWA MANENO YA NANI?

(Somo hili lilisemwa katika redio. Limepigwa chapa ili wanafunzi waweze kulisoma tena polepole darasani, na ili mwalimu aweze kusimama mahali panapohitaji mazoezi.)

Ndugu wanafunzi wa madarasa ya watu wazima, na hasa ninyi wa Sibwesa, katika Mkoa wa Katavi, somo la leo limetengenezwa kwa ajili yenu. Kila mmoja awe na daftari na kalamu. Tutahitaji pia mawe madogo saba, na mahali peupe uani pa kutembea.

Leo tutazungumza habari za kompyuta, ambayo wengine huiita tarakilishi. Hatutazungumza juu ya umbo lake, wala bei yake. Tutazungumza juu ya amri zinazoiendesha, na juu ya mawazo mapya ya watu wanaotafuta njia rahisi za kuziandika.

Najua wapo watakaosema: "Jambo hili si letu. Sisi ni wakulima. Tumekuja kujifunza kusoma, kuandika na hesabu." Lakini kompyuta imekwisha kuingia nyumbani mwenu. Simu ya mkononi ni kompyuta ndogo. Mizani mpya inayoonyesha tarakimu badala ya mshale ina kompyuta ndogo ndani yake. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikafika Tanzania mwaka 2008. Mtu anapobonyeza tarakimu katika simu ili atume fedha kwa ndugu yake aliye Mpanda, kompyuta iliyo mbali hupokea amri, hupunguza fedha upande mmoja na kuongeza upande wa pili. Mtu fulani aliziandika amri hizo. Basi yatupasa kuuliza zinaandikwaje.

1. PROGRAMU NI NINI?

Kompyuta haina huruma wala hila. Hutii amri iliyopewa, kama ilivyoandikwa, moja baada ya nyingine. Orodha ya amri hizo huitwa programu. Tazameni programu hii ya kununua mahindi kwa mizani:

Amri ya 1: Uliza magunia ni mangapi.
Amri ya 2: Kwa kila gunia, pima kilo, kisha ziongeze katika jumla.
Amri ya 3: Zidisha jumla ya kilo kwa bei ya kilo moja.
Amri ya 4: Andika jibu.

Sasa wekeni mawe saba mezani. Kila jiwe ni gunia moja la mahindi. Tuseme kila gunia lina kilo 90, na kilo moja inauzwa shilingi 600. Mara saba mtaongeza kilo 90, nanyi mtapata kilo 630. Zidisheni kwa 600. Jibu ni shilingi 378,000.

Sasa mnunuzi anasema kwamba gunia lenyewe lina uzito wake, kwa hiyo iongezwe amri moja: "Toa kilo mbili." Je, tuiandike wapi? Tukiiandika baada ya Amri ya 2, magunia yote yakiwa yamekwisha kupimwa, zitatolewa kilo 2 tu. Zitabaki kilo 628, na mkulima atapata shilingi 376,800. Lakini tukiiandika ndani ya Amri ya 2, itarudiwa kwa kila gunia. Zitatolewa kilo 14. Zitabaki kilo 616, na mkulima atapata shilingi 369,600. Tofauti ni shilingi 7,200. Maneno ni yale yale, "Toa kilo mbili." Kilichobadilika ni mahali yalipoandikwa.

(Mwalimu asimame hapa. Wanafunzi wafanye hesabu zote mbili kwa mawe na kwa kalamu.)

Tena neno lenyewe lina mashaka. Ukimwambia jirani, "Toa kilo mbili," huenda akapunguza kilo mbili katika hesabu, na huenda akazipima na kukupa mkononi. Sisi hutambua maana kwa kumtazama msemaji na kukumbuka mazungumzo yaliyotangulia. Mashine ya kuhesabu haimtazami msemaji. Ndiyo sababu watu walitunga lugha maalumu za kuiandikia kompyuta amri, ambamo kila neno lina maana moja tu. Lugha hizo huitwa lugha za programu.

2. MASHINE HAINA KABILA

Kompyuta za kwanza ziliamrishwa kwa tarakimu tupu. Amri ya kujumlisha ilikuwa tarakimu fulani, na amri ya kuhifadhi ilikuwa tarakimu nyingine. Kazi ilikuwa ngumu, makosa yalikuwa mengi, na wataalamu wachache tu ndio walioiweza.

Huko Marekani alikuwako mama mmoja, Grace Hopper, mtaalamu wa hesabu na askari wa jeshi la majini. Mwaka 1952 alitengeneza programu ya kuunganisha vipande vya amri vilivyokwisha kuandikwa, ili mtu asilazimike kuandika tarakimu zote upya. Baadaye aliona kwamba wenye biashara hawapendi alama za hesabu, wanapenda maneno. Kwa nini wasiandike amri kwa maneno, kisha mashine yenyewe iyafasiri kuwa tarakimu? Wakubwa wengi walimwambia kuwa haiwezekani. Yeye na wenzake wakaitengeneza lugha ya namna hiyo, ikaitwa FLOW-MATIC. Kutokana na lugha hiyo na nyingine, kamati iliyoanza kazi mwaka 1959 ilitunga lugha ya COBOL, ambayo imeendesha hesabu za mabenki na serikali kwa miaka mingi.

Kuna jambo moja katika habari za Bibi Hopper linalotuhusu sana. Alipowaonyesha wakubwa wa kampuni yake kwamba mashine inaweza kufuata amri za maneno ya Kiingereza, aliwaonyesha pia amri hizo hizo kwa maneno ya Kifaransa na ya Kijerumani. Wakubwa walishtuka. Waliona si jambo la kawaida kwamba kompyuta iliyotengenezwa Marekani ielewe Kifaransa au Kijerumani!

Lakini mashine haikuelewa hata Kiingereza. Kwake neno ni alama tu, kama chapa ya moto juu ya ng'ombe. Ukiiambia kwamba alama "jumlisha" maana yake ni kuongeza, itaongeza. Basi, ikiwa lugha nyingi za programu hata leo hutumia maneno ya Kiingereza, hiyo ni kwa sababu waliozitunga walikuwa wakisema Kiingereza, na wengine wakawafuata. Mashine haikuwalazimisha.

3. KOBE ANAYETII

Mwaka 1967, huko Marekani, Wally Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon walitengeneza lugha iitwayo Logo. Papert alizaliwa Pretoria, Afrika ya Kusini, mwaka 1928. Wao waliuliza swali ambalo wataalamu wengi walilidharau: Je, mtoto hawezi kuiamuru kompyuta?

Wakatumia kobe. Kwanza alikuwa kobe wa mashine atambaaye sakafuni na kuchora mstari kwa kalamu. Baadaye akawa alama ndogo katika kioo cha kompyuta. Kobe huyo anajua amri chache: nenda mbele, rudi nyuma, geuka kulia, geuka kushoto. Mwenye kujifunza haanzi na vitabu vizito. Huanza kwa kumtembeza kobe, na akikosea hutazama kobe alikopotelea, kisha husahihisha.

Fanyeni hivi uani. Mwanafunzi mmoja awe kobe. Asifanye lolote ila lile analoamriwa. Mwingine amsomee programu hii:

Rudia mara 4:
nenda mbele hatua 10;
geuka kulia, kama pembe ya nyumba.

Kobe atachora mraba, atarudi alipoanzia, akitazama alikotazama mwanzo. Sasa msomaji aache ile amri ya kugeuka. Kobe atakwenda hatua 40 moja kwa moja, pengine mpaka shambani kwa watu. Msimcheke kobe! Ametii. Itafuteni amri iliyosahauliwa. Kazi hiyo ya kutafuta kosa na kulisahihisha ni sehemu kubwa ya kazi ya kila mwandishi wa programu duniani.

4. MATOFALI, NGAZI NA JEDWALI

Tangu wakati huo watu wamejaribu njia nyingi za kuwarahisishia wanaojifunza. Nitataja tatu.

Njia ya kwanza ni ya matofali. Mwaka 2007 chuo kiitwacho MIT, huko Marekani, kilitoa Scratch. Katika Scratch huandiki amri kwa herufi. Unachukua vipande vya rangi vilivyoandikwa amri, unavipanga kimoja juu ya kingine. Kipande kisichofaa mahali fulani hakishikani, kama tofali lisilolingana na mwenzake. Kwa hiyo mwanafunzi hakwami kwa sababu ya herufi moja iliyokosewa. Vipande hivyo vimefasiriwa pia kwa Kiswahili.

Njia ya pili ni ya ngazi. Mwaka 2020, huko Uholanzi, mwalimu Felienne Hermans alitoa lugha iitwayo Hedy. Yeye aliona kwamba lugha za kawaida humtwisha mwanafunzi kanuni zote siku moja: mabano, nukta, alama za kunukuu, nafasi. Akikosea alama moja, mashine hukataa kazi yote. Ninyi mnalijua jambo hili vizuri. Mlipoanza kisomo, je, mwalimu aliwapa nukta, mkato na alama ya kuuliza siku ya kwanza? Mlianza na silabi: ba, be, bi. Alama zilikuja baadaye, pole pole. Hedy hufanya vivyo hivyo. Katika ngazi ya kwanza kuna amri chache tu, wala hakuna alama za kunukuu. Alama hizo huanza kudaiwa katika ngazi ya nne. Kidogo kidogo mwanafunzi hufika kwenye lugha iitwayo Python, ambayo wataalamu huitumia. Hedy pia imefasiriwa katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo.

Njia ya tatu ni ya jedwali. Mwaka 2008, Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, kilianza kutengeneza chombo kiitwacho ODK, kwa ajili ya kukusanya habari kwa simu. Tuseme mhudumu wa afya anataka kuwauliza watu wa kijiji juu ya homa. Huandika maswali yake katika jedwali, kila swali katika mstari wake. Pembeni huandika masharti: kama jibu ni hapana, ruka swali linalofuata. Chombo hicho huligeuza jedwali kuwa maswali katika simu. Mahali pasipo mtandao, majibu hukaa ndani ya simu mpaka atakapofika penye mtandao. Hapa mwenye kuijua homa ndiye anayepanga maswali, hata kama hakusomea kompyuta.

5. KISWAHILI NA SAA ZETU

Hapa nchini kazi ya kuipa kompyuta maneno ya Kiswahili ilifanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2004 wataalamu wa chuo hicho walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kufanyia hesabu, yenye maneno ya Kiswahili. Mtumiaji angeweza kusoma faili, hariri na hifadhi, bila kujua Kiingereza. Ilikuwa kazi njema.

Lakini kufasiri maneno ya juu hakutoshi. Sikilizeni mfano huu wa saa. Kwetu, siku huanza jua linapochomoza. Saa moja ya asubuhi ni saa moja baada ya mapambazuko. Kwa kompyuta, siku huanza usiku wa manane. Saa mbili yetu ya asubuhi huandikwa 8:00. Sasa tuseme mama ameambiwa ampeleke mtoto kliniki saa mbili asubuhi, na mwandishi ameandika 2:00 katika mashine. Simu itamwamsha mama huyo katikati ya usiku. Maneno ya ujumbe yatakuwa Kiswahili safi, lakini saa itakuwa ya watu wengine.

Na tuandike amri za kugeuza saa:

Amri ya 1: Uliza saa ngapi.
Amri ya 2: Uliza ni ya mchana au ya usiku.
Amri ya 3: Kama ni ya mchana, ongeza 6.
Amri ya 4: Kama ni ya usiku, ongeza 18.
Amri ya 5: Kama jibu limefika 24 au limezidi, punguza 24.

Tujaribu. Saa 2 ya mchana, yaani asubuhi: 2 na 6 ni 8. Sawa. Saa 8 ya mchana: 8 na 6 ni 14. Sawa. Saa 2 ya usiku: 2 na 18 ni 20. Sawa. Saa 8 ya usiku: 8 na 18 ni 26, punguza 24, zinabaki 2. Sawa.

Je, tumemaliza? Bado. Jaribuni saa 12 ya asubuhi, jua likichomoza. Mkiihesabu kuwa ya mchana, 12 na 6 ni 18, na 18:00 ni jioni! Programu iliyojibu sawasawa mara nne imekosea mara ya tano. Kosa hilo limejificha mpakani, mahali ambapo usiku hukutana na mchana. Mgeni asiyezijua saa zetu asingefikiri hata kupajaribu hapo. Ninyi mngelitambua kosa hilo mara moja, kwa sababu mnaamka saa hiyo kila siku.

Ndiyo maana nasema kwamba programu za kutumiwa na watu wa Katavi zinawahitaji watu wa Katavi katika kutengenezwa kwake, angalau katika kuzijaribu.

6. MASHINE INAYOANDIKA AMRI YENYEWE

Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, ilipotolewa ChatGPT, jambo jipya limeenea. Mtu huiambia kompyuta kwa maneno ya kawaida, hata ya Kiswahili: "Nitengenezee programu ya kupima mahindi." Nayo huandika amri zote katika lugha ya programu kwa muda mfupi. Wengine husema kwamba sasa hakuna haja ya kujifunza lolote.

Kuna faida kubwa hapa. Mtu mwenye wazo zuri hahitaji kungoja mtaalamu kutoka mbali. Lakini kumbukeni "Toa kilo mbili." Ukisema maneno hayo, mashine itakisia: kwa kila gunia, au mara moja? Ukisema "saa mbili," itakisia tena. Mara nyingi hukisia vema, na mara nyingine hukosea, nayo huandika kosa kwa maandishi safi kama inavyoandika ukweli. Nani atajua? Atajua yule awezaye kuzisoma amri, kuzifuata moja moja kwa mawe na kalamu, na kuzijaribu mahali pa mpakani.

Kwa hiyo kusoma, kuandika na hesabu mnavyojifunza ndivyo vinavyotakiwa katika kazi hii. Mkulima anayeweza kuandika uzito wa kila gunia katika daftari lake anaweza kuuliza mbele ya mizani: "Zile kilo mbili, zimetolewa mara ngapi?" Akijibiwa, anaweza kufanya hesabu mwenyewe papo hapo. Asiyeweza hupokea jibu la mashine, akaenda zake.

MANENO YA KUKUMBUKA

Amri: neno la kuiambia mashine ifanye jambo moja.
Programu: orodha ya amri zilizopangwa kwa utaratibu.
Lugha ya programu: maneno na kanuni za kuandikia amri, kila neno likiwa na maana moja.
Kurudia: kufanya amri ile ile mara nyingi.
Sharti: amri inayoanza na "kama."

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Mkulima ana magunia 10 ya kilo 90, na bei ni shilingi 600 kwa kilo. Amri ya kupunguza kilo 2 ikiwa ndani ya kurudia, atapata shilingi ngapi? Ikiwa nje, atapata ngapi?

2. Andikeni tena amri "Toa kilo mbili" kwa maneno yasiyo na mashaka.

3. Mtembezeni kobe achore umbo la nyumba yenye urefu wa hatua 12 na upana wa hatua 6. Mtahitaji kurudia mara ngapi?

4. Saa 12 ya asubuhi na saa 12 ya jioni, kila moja tuihesabu kuwa ya mchana au ya usiku? Sahihisheni amri za saa, kisha mzijaribu kwa saa zote mbili.

5. Tafuteni jambo jingine la hapa Sibwesa, katika vipimo, majina au majira ya kulima, ambalo mgeni angeliandika vibaya katika programu.

Majibu ya swali la 5 yaandikwe katika daftari la darasa, kwa maana tutayatumia katika somo lijalo. Nawatakieni kazi njema. Kwaherini.